Sumaku ya dunia inakaribia kugeuka? Mawe ya Oldupai yanavyojibu

Swali lililonifikia:

"Shikamoo mwalimu. Mi naongoza watalii, nakaa Karatu. Mwezi uliopita nilikuwa na mgeni mmoja mzee aliyesomea mambo ya mawe, tulipofika Oldupai akaniambia kuna nyakati dira ilikuwa inaelekeza kusini na sio kaskazini, na kwamba kipande kimoja cha hiyo historia kimepewa jina la bonde letu. Nikajua ananitania. Siku chache baadae ikaja klipu kwenye grupu la familia, inasema nguvu ya sumaku ya dunia imeshuka, muda wa kugeuka umeshapita, ikigeuka tutaungua na mionzi kama ilivyotokea miaka 42,000 iliyopita viumbe wakafa. Niliporudi bondeni nikaweka simu yenye dira juu ya jiwe jeusi kule chini kabisa, mshale ukageuka ukaangalia kusini! Hapo ndo nikaogopa kweli. Mama yangu yuko Tanga, nae kaiona klipu, ana presha, kanunua bangili ya sumaku kwa hao hao waliosambaza, na sasa dada ananiambia dawa anaruka siku. Pia anauliza kama kibla kitapotea. Je, ni kweli inageuka? Mawe yanajuaje? Na mama nimwambie nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Naanza na mama maana mawe yamekaa miaka milioni mbili yanaweza kusubiri dakika tano zaidi. Mpigie leo, mwambie arudi kwenye dawa zake kama alivyoandikiwa, na dada ampeleke kliniki wiki hii apimwe presha na aseme ukweli kwa nesi kwamba ameruka siku, asione aibu. Bangili haitibu presha na wala haina cha kumkinga nacho. Sumaku ya dunia huku kwetu ni dhaifu sana, hata kale kasumaku kanakoshika karatasi kwenye mlango wa friji kanaizidi zaidi ya mara mia ukikagusa, sasa kitu dhaifu hivo kikipungua hakimwachi mtu na pengo mwilini la kuzibwa na bangili. Kama mama amewekewa kifaa cha kusaidia moyo kifuani, aivue hiyo bangili na amwambie daktari. Na akipata kichwa kuuma kupita kawaida, macho kuona ukungu, kifua kubana, au upande mmoja wa mwili kulegea, ni hospitali muda huo huo, msisubiri kesho.

Sasa turudi bondeni. Nikisoma swali lako naona umefunga vitu vitatu kwenye furushi moja: maneno ya mgeni wako, klipu, na mshale wa simu. Mgeni wako alisema kweli tupu. Klipu imechukua vipande vya kweli ikavishona vibaya. Na simu yako haikukuonyesha ulichodhani, hapo nitaanzia maana ndipo hofu yako ilipozidi.

Yale mawe meusi ya chini kabisa Oldupai ni basalti, yani lava iliyopoa, na ndio sakafu ambayo tabaka za mifupa na zana zimelala juu yake. Mwaka 1963, wakati nchi bado inaitwa Tanganyika kwenye karatasi za wanasayansi, Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya sumaku ya basalti hiyo, na walichokuta ni kwamba imeshika mwelekeo wa kawaida, wa kaskazini kama wa leo. Umeona? Jiwe uliloweka simu juu yake halina kumbukumbu ya kusini. Kwa hiyo mshale wako kugeuka hauwezi kuwa ni sauti ya zamani ikikuambia dunia ilikuwa kinyume, kwa sababu lile tabaka lenyewe halisemi hivo.

Basi nini kiliugeuza? Kinachowezekana zaidi ni radi. Radi ikipiga mwamba, umeme unaopita unaacha sumaku kali sana kwenye kipande kile, mara nyingi kali kuliko ile ya asili ya lava, na inaelekea popote pale umeme ulipopita. Ukisogeza dira hatua mbili mshale unarudi, ukisogeza tena unayumba. Hata bila radi, basalti ina chuma kingi, na kihisi cha simu ni kidogo na kinachanganyikiwa haraka, kava lenye kifungo cha sumaku linatosha kabisa kukidanganya. Jaribu hivi siku nyingine: toa kava, chora ile namba nane hewani ili dira ya simu ijisawazishe, simama mbali na gari, ishike simu usawa wa kifua, soma. Kisha ishushe taratibu kuelekea jiwe ukiangalia mshale. Ukiona unayumba tu ukikaribia sentimita chache, basi ni lile jiwe moja linaongea, dunia iko pale pale.

Hili la radi naliongea kwa uchungu. Kuna safari tulipanda kilima kimoja tukachukua sampuli wiki mbili, jua kali, maji tunabeba mgongoni, tulipofika maabara karibu zote za kileleni zikawa zimeharibiwa na radi za miaka na miaka, kila moja inaelekea kwake. Tangu hapo natembea na dira mkononi kabla sijagusa drili, nikiona mshale unacheza nahama.

Haya, mawe yanajuaje. Umeshawahi kupitisha sumaku kwenye mchanga wa mto, zile chembe nyeusi zinarukia na kushikilia kama ndevu? Nyingi ni magnetaiti, madini ya chuma. Lava imejaa chembe kama hizo ila ndogo mno, huzioni kwa macho. Watu wengi wanafikiri lava ikiwa bado uji, hizo chembe zinaogelea na kujipanga kama vidira vidogo halafu zinagandishwa. Hapana. Basalti inatoka ikiwa na joto la nyuzi kama 1,100 na zaidi, inaganda kuwa jiwe gumu ikiwa bado kwenye nyuzi kama 1,000, na hapo haina sumaku bado. Chembe zimeshabanwa, haziwezi kuzunguka. Ni pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 580, kwa magnetaiti safi, ndipo sumaku inapozaliwa ndani ya chembe, na kadiri linavyozidi kushuka ile sumaku inafuata mwelekeo wa sumaku ya dunia ya siku zile na kujifunga hapo. Jiwe likishapoa limeshasaini. Miaka milioni mbili inapita, ncha zinageuka na kurudi, jiwe halibadili saini yake isipokuwa ukilichoma tena au lipigwe na radi.

Mfano uko vijijini kwetu. Tanuri la matofali, lile la kupanga tofali mbichi juu kwa juu, kuacha vinywa vya kuni chini na kukandika udongo nje. Udongo una chembe za chuma ndo maana tofali linatoka jekundu. Likiwaka vizuri linavuka hizo nyuzi 580, na usiku wa pili wa tatu linapopoa taratibu, kila tofali linashika sumaku ya dunia ya usiku ule. Ukija kubomoa tanuri na kujengea nyumba umepoteza mwelekeo, maana tofali limegeuzwa geuzwa, lakini nguvu iliyokuwepo bado iko ndani inapimika. Ila ile sakafu iliyoungua chini ya tanuri, ambayo hakuna aliyeisogeza, inabaki na vyote viwili, mwelekeo na nguvu. Na hiyo sakafu nakuomba uikumbuke, nitairudia.

Kupima kwenyewe kunaenda hivi. Tunatoboa jiwe kwa drili yenye ncha ya almasi, maji yanapita kupoza, yanatoka tope la rangi ya kijivu, na ndani kinabaki kipande cha mviringo upana sentimita 2.5 hivi, kama mshumaa mnene. Kabla hujakivunja kukitoa, hapo ndipo moyo wa kazi ulipo, unaweka kifaa juu yake unachora mstari na kuandika kinaelekea wapi na kimelala kwa mwinamo gani, na jua likiwepo unasoma kivuli na saa kamili, maana dira peke yake juu ya basalti huiamini. Ukisahau huo mstari kipande chako ni kokoto tu. Maabara kinakatwa, kinapimwa, kinaingia kwenye tanuri lililozungushiwa ngao ili sumaku ya leo isiingie, kinachomwa nyuzi 100 kinapozwa kinapimwa, 200, 300, hivo hivo hadi 580 au juu zaidi. Sumaku nyepesi nyepesi zilizojibandika baadae zinatoka kwanza, kama unavyomenya kitunguu, na mwisho kinabaki kile cha siku lava ilipopoa. Kupima nguvu ni kugumu kuliko kupima mwelekeo, sampuli nyingi zinakataa zikichomwa, ndo maana ukisikia mtu anasema kwa uhakika kabisa nguvu ilikuwa kiasi fulani miaka milioni mia iliyopita, uliza sampuli ngapi zilikubali.

Wa kwanza kukuta jiwe lililosaini kinyume alikuwa Mfaransa, Bernard Brunhes, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, huko milima ya katikati ya Ufaransa. Alipima udongo uliochomwa na lava iliyopita juu yake, tanuri la asili kabisa, akakuta lava na udongo vyote vinaelekea kinyume. Hilo la udongo ndilo lilimpa nguvu, maana ungeweza kusema lava yenyewe ina kasoro, lakini udongo ulio chini yake nao useme uongo ule ule? Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha kwamba mawe yaliyosaini kinyume yana umri wake, hayajatawanyika hovyo. Wengi hawakuamini hadi miaka ya 60, pale umri wa lava ulipoanza kupimika kwa potasiamu na argoni (potasiamu ya ndani ya jiwe inageuka taratibu kuwa gesi ya argoni, ukilinganisha unapata miaka), njia ile ile ambayo mwaka 1961 Louis Leakey, Evernden na Curtis waliitumia kutangaza kwamba tabaka la kwanza la Oldupai lina miaka kama milioni 1.75, watu wakashika vichwa kwa ukubwa wa ile namba.

Sasa ndio tunafika kwenye jina. Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple huko California walikuwa wanapanga lava za duniani kwa umri na mwelekeo, na ndani ya kipindi kirefu cha kinyume, ambacho leo kinaitwa Matuyama, kukawa na kipande kifupi cha kawaida kinachojitokeza katikati. Lava ya Oldupai ilikuwa humo. Mwaka 1964 wakakiita tukio la Olduvai, na mpaka leo mtu akichimba matope ya bahari ya Pasifiki au ziwa la China akakikuta kile kipande, anaandika Olduvai. Kilianza kama miaka milioni 1.9 na ushee iliyopita kikaisha karibu milioni 1.8. Wameandika kwa tahajia ya wageni, sisi tunajua ni Oldupai, mkonge pori wa Wamaasai uliojaa pale bondeni, lakini jina ni letu na ningependa kila muongoza watalii alijue.

Na hapa kuna jambo la kumwambia mgeni yeyote. Lile fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilikuta Julai 1959 lina miaka kama milioni 1.84, yani yule kiumbe aliishi ndani ya kipindi cha Olduvai chenyewe, dira ingekuwepo ingeelekea kaskazini kama yako. Nenda Laetoli, kusini kidogo tu, kwenye zile nyayo zilizofukuliwa 1978, zina miaka milioni 3.66. Wale waliopita juu ya majivu mabichi walipita kipindi kinaitwa Gilbert, mwelekeo kinyume. Dira ingeangalia kusini. Walitembea, mtoto na mkubwa, mvua ikanyesha manyunyu, sungura na twiga wakapita, maisha yanaenda. Kati ya Laetoli na sisi sumaku imegeuka zaidi ya mara kumi. Ukoo wetu wote, kuanzia wale wa nyayo mpaka mama yako Tanga, umepita humo.

Kwa nini inageuka? Kwa sababu hakuna kipande cha sumaku kimezikwa katikati ya dunia, ingawa vitabu vya shule vinachora hivo na mimi nilichorewa hivo hivo. Kilomita 2,900 chini ya miguu yako, ambayo ni zaidi ya kutoka Dar hadi Mwanza na kurudi, kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka, unene wake zaidi ya kilomita 2,200, na katikati yake tufe gumu la chuma. Ile bahari inachemka taratibu kama uji mzito, joto linapanda, dunia inazunguka na kuisokota, na chuma kinachotembea ndani ya sumaku kinazalisha umeme, umeme unazalisha sumaku, mzunguko unajilisha. Kitu kinachochemka hakitulii. Mara nyingi fujo zake ni ndogo, mshale unahama nyuzi kadhaa tu. London mwaka 1580 dira ilielekea kama nyuzi 11 mashariki ya kaskazini, karibu 1820 ikawa nyuzi 24 hivi magharibi, bila kishindo chochote. Mara moja moja fujo zinashinda, nguvu inashuka sana, zinatokea ncha nyingi nyingi, na zikitulia huenda zimetulia kinyume. Inachukua miaka elfu kadhaa. Hakuna mtu atakayelala dira ikiwa kaskazini akaamka iko kusini, na ardhi yenyewe haipinduki, bahari haimwagiki, ni mshale tu.

Lile neno la "muda umeshapita" ndilo linalonikera zaidi kwenye hizi klipu. Wanachukua wastani, wanasema kwa miaka milioni chache iliyopita inageuka kila laki mbili au tatu, mara ya mwisho ilikuwa miaka kama 773,000 iliyopita, basi tuna deni. Hii sio mvua ya vuli ambayo ikichelewa unajua msimu ulitakiwa uwe umeingia. Haina msimu. Enzi za dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, miaka kama milioni 150 iliyopita, ilikuwa inageuka mara kwa mara sana. Halafu ikaja kukaa bila kugeuka kwa karibu miaka milioni 40, kutoka kama milioni 121 hadi 83 iliyopita. Bahari ile ile ya chuma, tabia tofauti. Ukichora majanga makubwa ya dunia, yale ya viumbe kufa kwa wingi, ukayalinganisha na migeuko hiyo yote, hayalingani. Imegeuka mamia ya mara na orodha ya vifo inafuata mambo mengine, volkano kubwa, kimondo, bahari kukosa hewa.

Kushuka kwa nguvu ni kweli lakini. Sikufichi. Tangu miaka ya 1840, muda mfupi baada ya Mjerumani Carl Friedrich Gauss na wenzake kuanza kupima nguvu yenyewe na sio mwelekeo tu, sumaku kuu ya dunia imepungua kama asilimia 9. Klipu inachora mstari kutoka hapo moja kwa moja hadi sifuri. Ila mawe na vyungu vinatuonyesha kilichokuwepo kabla ya 1840, na kilichokuwepo ni kupanda na kushuka. Karne ya 10 hadi ya 8 KK kule Levanti, yani upande wa Israeli na Yordani za leo, mabaki ya kuyeyushia shaba na mikono ya mitungi iliyopigwa mihuri inaonyesha nguvu iliyofika karibu mara mbili ya leo. Kuna matofali ya Mesopotamia yenye majina ya wafalme, unasoma jina unajua miaka, unapima tofali unapata nguvu, na yale ya Nebukadneza wa pili yanaonyesha mabadiliko ya haraka ndani ya utawala wa mtu mmoja. Tumeanza kupima tukiwa tumetoka kwenye kilele, kwa hiyo lazima tuone mteremko. Inaweza kuendelea kushuka, inaweza kugeuza njia na kupanda, imeshafanya yote mawili mara nyingi bila ncha kupinduka.

Ile sakafu ya tanuri sasa. Bonde la Limpopo, kusini mwa Afrika, zamani wakulima wa enzi ya chuma ukame ukizidi walikuwa wanasafisha kijiji kwa moto, wanachoma nyumba na maghala ya nafaka kwa ibada. Udongo wa sakafu ukaungua, ukapoa, ukasaini. Mwaka 2015 John Tarduno na wenzake walichapisha vipimo vya sakafu hizo, za kati ya miaka kama 1000 na 1600, wakakuta mwelekeo ulikuwa unabadilika haraka na nguvu inashuka kuanzia karne ya 13 hivi. Hii ina maana ule udhaifu wa sumaku tunaouona leo upande wa Atlantiki ya kusini, kutoka Amerika Kusini kuja upande wa kusini mwa Afrika, huenda ni tabia ya kujirudia rudia, na wao wanaihusisha na lile pande kubwa la mwamba wa ajabu lililoko chini kabisa ya Afrika, pale miamba inapokutana na bahari ya chuma. Mimi hii kazi naipenda kuliko nyingi. Watu waliokuwa wanaomba mvua walituachia kipimo bila kujua, na kina thamani kubwa maana huku kusini mwa Ikweta data ni chache mno.

Miaka 42,000 ya klipu yako ni tukio la Laschamp, limepewa jina la kijiji cha Ufaransa penye lava, liligunduliwa miaka ya 60. Lilitokea miaka kama 41,000 iliyopita. Ncha zilihama zikafika upande mwingine halafu zikarudi, na nguvu ikashuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya leo au chini ya hapo. Hilo ni kweli, barafu ya Greenland nayo imelishika, kuna ongezeko la berili, aina ile ya elementi inayotengenezwa na mionzi ya angani. Mwaka 2021 kundi moja la watafiti, wakitumia mti wa kale uliozikwa New Zealand, aina inayoitwa kauri kwa lugha ya kule, waliandika kwamba tukio hilo lilivuruga hali ya hewa na viumbe wakafa. Karatasi yao iko, haijatungwa. Lakini watafiti wengine waliijibu vikali, kwa sababu tarehe za viumbe kutoweka hazikai vizuri na tarehe za sumaku, na mimi niko upande wa wanaojibu. Angalia hapo hapo ulipo: tembo, faru, nyati, simba, wote walipita Laschamp, watu pia. Kinachotukinga na mionzi ardhini hasa ni hewa, ambayo uzito wake juu yetu ni sawa na kukaa chini ya maji mita kumi. Sumaku inasaidia, na ikidhoofika sana mionzi ya juu inaongezeka kiasi na tabaka la ozoni linaweza kuguswa, sitaki kusema hakuna chochote. Ila "tutaungua" ni uongo.

Wenye haki ya kuhangaika ni wenye setilaiti. Darubini ya Hubble ikipita ule ukanda dhaifu wa Atlantiki ya kusini, vifaa vyake vinasimamisha kazi hadi ivuke. Na dhoruba za jua zinaweza kuangusha umeme hata sumaku ikiwa salama, kama Quebec Machi 1989, watu milioni 6 gizani masaa tisa. Huo ni mjadala wa mainjinia, haumhusu mama na bangili.

Kibla cha mama ni rahisi kuliko anavyodhani. Dira inahama kidogo kidogo kila mwaka na programu za simu zinarekebishwa kwa ramani ya sumaku inayotolewa upya kila miaka mitano, hivo asasishe simu tu. Lakini kibla hakitegemei sumaku. Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, tarehe 28 Mei au siku moja kabla, na 16 Julai au siku moja kabla, jua linasimama juu kabisa ya Kaaba. Saa za Makka ni sawa na zetu. Mei ni saa sita na dakika 18 mchana, Julai ni saa sita na dakika 27. Asimamishe fimbo wima uwanjani dakika hiyo, kivuli kitaangukia kusini, na upande ulio kinyume na kivuli ndio kibla. Hakuna dira hapo, na hata ncha zigeuke mara mia fimbo itasema vile vile.

Kwako wewe, usichukue jiwe hata dogo bondeni, ni kosa na pia jiwe lisilo na mstari wa mwelekeo halina thamani kwa mtu kama mimi. Kama eneo fulani dira zinayumba kila mara na kuna anayeitegemea kwa kupima shamba au kuongoza watu porini, mwite mpima ardhi mwenye vifaa vya setilaiti, au nenda Taasisi ya Jiolojia Dodoma, au idara ya jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaulize ana kwa ana, wanazo ramani za sumaku na wanapenda kuulizwa.

Mara nyingine mgeni akisimama na wewe pale juu ukingoni, mwonyeshe lile tabaka jeusi chini kabisa, mwambie hilo ni kaskazini. Kisha panda nalo kwa kidole, tabaka la kwanza lenye Zinj bado kaskazini, ukienda juu kwenye la pili unaingia kusini, na ukikaribia juu kabisa ambako miaka inashuka chini ya 773,000, unarudi kaskazini hadi kwenye udongo mliosimama juu yake.